Herufi ya Sita

Mama hakujua kusoma,
lakini aliandika maneno saba kwa siku,
kwa dhahabu, juu ya kioo cha buluu,
katika karakana ya Bwana Lugg, ng'ambo ya mto Avon,
pale Bristol ambako tanuri zimechongoka kama pia
na masizi hutua juu ya nguo zilizoanikwa.

Dhahabu ililetwa kurasa kurasa,
nyembamba hata ukikohoa zimeruka.
Mama alizisaga na asali hadi zikawa uji,
akachovya brashi ya manyoya ya kuchakuro,
akailamba ncha ipate kuchongoka,
akaandika.
Mchovya asali hachovyi mara moja.
Nadhani alikufa na dhahabu tumboni
na deni la mkate kwa Bibi Tovey.

Maneno kwake yalikuwa michoro.
Vilele viwili vya mlima. Ngazi iliyotanuliwa.
Tumbo la mjamzito.
Kitana kilichobakiwa na meno matatu.
Mshumaa.
Kisha mtu aliyetanguliza kifua na mguu mmoja,
kisha ngazi tena.
Hiyo ndiyo Madeira.
Akaizungushia fremu, akaichorea mnyororo
kana kwamba kibao kimetundikwa shingoni mwa chupa,
na chini yake shada la zabibu,
tunda ambalo hakuwahi kulitia kinywani.
Chupa ikaingia motoni, ikatoka imefifia kama haradali,
naye akaisugua kwa jiwe la akiki
mpaka ikakubali kung'aa.

Mimi ni mtumishi kwa akina Gullifer,
nyumba ya madirisha kumi na tisa,
na Jumapili kanisani nimefundishwa kusoma.
Usiku wa karamu ya kwanza nilipewa chupa niipeleke mezani.
Nikaishika shingo, nikaisoma.
Herufi ya sita ilikuwa imegeuka:
kifua kushoto, mguu kushoto,
kama mtu aliyesikia jina lake barabarani.

Niliijua siku ile.
Asubuhi tulikuwa tumemzika Amos, mdogo wangu,
na mchana Mama akarudi kazini
kwa kuwa tanuri likishawashwa halimngoji mtu.
Bwana Lugg hakuona kitu.
Aliiuza kwa bei ileile.

Wageni walikuwa wanazungumzia sukari,
na watu walioharibikia njiani
wakitajwa kwa idadi tu,
kama bilauri zilizovunjika kretini.
Nikamimina.
Mvinyo haukujua kwamba jina lake limekosewa.
Ukanyweka.
Niliutazama ule mnyororo wa kuchorwa
nikatamani Mama asingeuchora vizuri vile.

Kuosha ni kazi yangu.
Asubuhi, kwenye kitambaa, nikakuta vumbi la njano.
Zabibu tatu zilikuwa zimebaki buluu tupu,
na mlima mmoja umeporomoka nusu.
Wasichana wangapi walimsugua Mama kabla yangu,
wakisifiwa kwa bidii?
Na sasa mkono ulikuwa wangu.

Tangu hapo naiosha kwa maji vuguvugu,
bila majivu, bila chumvi.
Herufi ya sita siigusi. Naipulizia tu.
Bibi Gullifer huiinua dirishani.
"Keturah, hapa pana ukungu."
"Ndiyo, Bibi."
"Na hili neno, mbona linanichanganya macho?"
"Ni mwanga, Bibi."

Kitambaa cha asubuhi ile sijakifua.
Nimekikunja mara nne chini ya godoro.
Usiku mwingine nakitoa, nakipima kiganjani.
Kina uzito wa kitambaa.